Donald T. Campbell

Donald Thomas Campbell (20 Novemba 1916 – 6 Mei 1996) alikuwa mwanasaikolojia wa jamii na mtaalamu wa mbinu za utafiti kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kutofautisha uhalali wa ndani na uhalali wa nje wa utafiti, na kwa kuorodhesha mambo yanayoweza kumfikisha mtafiti kwenye hitimisho la makosa hata kama amefanya kazi yake kwa uaminifu. Mambo hayo huitwa vitisho kwa uhalali, na hufundishwa hadi leo katika kozi za saikolojia, elimu, afya ya jamii na tathmini ya miradi.

Campbell alishiriki pia katika tafiti mbili kubwa zilizogusa Afrika Mashariki. Ya kwanza ilihusu namna watu wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda, wanavyoona michoro inayodanganya macho. Ya pili ilihusu mitazamo ya makabila 30 ya Kenya, Uganda na Tanzania juu ya makabila mengine.

## Maisha ya awali na elimu

Campbell alizaliwa katika mji mdogo wa Grass Lake, jimbo la Michigan. Familia yake ilikuwa ya wakulima. Ilihamia kwenye shamba la ng'ombe huko Wyoming, kisha California. Alipomaliza shule ya sekondari alifanya kazi kwa mwaka mmoja katika shamba la kufuga bata mzinga kabla ya kuendelea na masomo.

Alisoma kwanza katika chuo cha awali cha San Bernardino, halafu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1939. Dada yake mdogo, Fayette, alihitimu pamoja naye, na wawili hao walishika nafasi mbili za juu katika darasa lao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumika katika jeshi la majini la akiba la Marekani. Baada ya vita alirudi Berkeley na kupata shahada ya uzamivu katika saikolojia mwaka 1947. Tasnifu yake ilihusu mitazamo ya watu kwa makundi ya wachache katika jamii, mada aliyoirudia baadaye kwa upana zaidi huko Afrika Mashariki.

Miongoni mwa walimu waliomwathiri Berkeley walikuwa Edward Tolman na Egon Brunswik. Brunswik alifundisha kwamba mtu hupata habari za dunia kupitia dalili zisizo na uhakika kamili, hivyo hulazimika kulinganisha dalili nyingi. Wazo hilo linaonekana katika karibu kila kazi ya Campbell.

## Kazi ya ualimu

Campbell alifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kuanzia 1947, kisha Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1950. Mwaka 1953 alihamia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, akakaa huko hadi 1979. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse na, kuanzia 1982, katika Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania.

Northwestern ndiko mwanaanthropolojia Melville Herskovits alikoanzisha programu ya masomo ya Afrika mwaka 1948. Kukutana na Herskovits na wanafunzi wake kulimwingiza Campbell katika utafiti wa kulinganisha jamii.

## Uhalali wa ndani na uhalali wa nje

Mwaka 1957 Campbell alichapisha makala kuhusu mambo yanayoathiri uhalali wa majaribio yanayofanywa katika mazingira ya kijamii. Humo alitenganisha maswali mawili ambayo watafiti wengi walikuwa wakiyachanganya.

Swali la kwanza ni la uhalali wa ndani: je, katika utafiti huu, jambo lililofanywa na mtafiti ndilo kweli lililoleta mabadiliko yaliyoonekana? Swali la pili ni la uhalali wa nje: je, matokeo haya yanaweza kutumika kwa watu wengine, mahali pengine na wakati mwingine? Utafiti unaweza kujibu vizuri swali moja na kushindwa kabisa jingine.

Mwaka 1963, pamoja na mtakwimu Julian Stanley, aliandika sura ndefu katika kitabu cha rejea kuhusu utafiti wa elimu. Sura hiyo ilichapishwa tena kama kitabu chembamba mwaka 1966. Ilichambua miundo 16 ya utafiti na kuikagua kila mmoja dhidi ya vitisho 12: manane ya uhalali wa ndani na manne ya uhalali wa nje.

Campbell hakuvichukulia vitisho hivyo kama sababu ya kuukataa utafiti. Kila kitisho kwake kilikuwa ni maelezo mengine yanayoweza kushindana na maelezo ya mtafiti. Kazi ya usanifu wa utafiti ni kuyaondoa maelezo hayo moja baada ya jingine, na kukiri wazi yale yaliyobaki.

## Vitisho vinane vya uhalali wa ndani

Vitisho hivi vinaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni kutoka bonde la mto Msimbazi jijini Dar es Salaam. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa zilisababisha mafuriko katika bonde hilo. Watu walipoteza maisha, na familia nyingi za maeneo kama Jangwani na Suna zilipoteza nyumba. Baadhi zilipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji.

Katika mfano huu, mtafiti anawachagua waathirika 60 wenye hofu kubwa zaidi na kuwapima kwa hojaji juu ya hofu na usingizi. Anawapa ushauri nasaha kwa miezi mitatu, kisha anawapima tena. Alama za hofu zimeshuka, naye anasema ushauri umefanya kazi. Kwa mujibu wa orodha ya Campbell na Stanley, hitimisho hilo linakabiliwa na maswali yafuatayo:

1. Matukio ya nje. Katika miezi hiyo mitatu mvua zimekoma na baadhi ya familia zimepata viwanja. Huenda hofu imeshuka kwa sababu hiyo.
2. Mabadiliko ya kawaida ya mwili na akili. Majonzi hupungua kadiri siku zinavyopita, hata kwa mtu asiyepata ushauri wowote.
3. Athari ya kupimwa. Mtu aliyekwisha kujibu hojaji mara moja huijibu tofauti mara ya pili, kwa kuwa ameshayajua maswali na ameshayatafakari.
4. Mabadiliko ya kipimo. Wahojaji waliokuwa wageni wa kazi mwanzoni wamepata uzoefu, au wamechoka, na sasa wanaandika majibu kwa namna nyingine.
5. Kurudi kwenye wastani. Watu waliochaguliwa kwa sababu alama zao zilikuwa za juu kupita kiasi kwa kawaida hupata alama za chini kidogo wakipimwa tena, hata kama hakuna kilichofanyika.
6. Uteuzi. Kama waliopata ushauri ni wale waliojitolea wenyewe, na wanalinganishwa na wasiojitolea, makundi hayo mawili yalitofautiana tangu mwanzo.
7. Kupotea kwa watafitiwa. Waliohamia Mabwepande au kurudi mikoani hawakupatikana kwa kipimo cha pili. Kama hao ndio walioumia zaidi, wastani wa waliobaki utaonekana mzuri bila mtu yeyote kupata nafuu.
8. Mwingiliano wa uteuzi na mabadiliko ya kawaida. Kundi moja linaweza kuwa na kasi ya kupona iliyo tofauti na ya kundi jingine kutokana na aina ya watu waliomo.

Madhara ya kosa hapa ni makubwa. Ushauri usiofaa unaweza kuenezwa kwa maelfu ya watu na kutumia fedha ambazo zingejenga vyoo au kununua dawa. Vilevile ushauri unaofaa unaweza kuachwa kwa sababu ulipimwa vibaya.

Suluhisho ambalo Campbell na Stanley walilipa uzito zaidi ni kuwagawa watafitiwa kwa kura katika makundi mawili, moja lipate huduma na jingine liwe la kulinganishia. Kundi la pili linaweza kupata huduma hiyo baadaye, ili asiwepo anayenyimwa. Kura husambaza tofauti za watu sawasawa katika makundi yote mawili, na yanayotokea nje, kama kukoma kwa mvua, huyagusa yote mawili.

Hata hivyo kura haimalizi vitisho vya uhalali wa nje. Matokeo yaliyopatikana kwa wakazi wa Jangwani yanaweza yasiwe sawa kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao wapo hatua chache tu kutoka bondeni, wala kwa wakulima wa Rufiji ambao maisha yao yamezoea mafuriko ya kila msimu.

## Majaribio nusu

Campbell alifahamu kwamba mara nyingi kura haiwezekani. Serikali hupitisha sheria kwa nchi nzima; shule hupokea wanafunzi wote waliofaulu. Kwa hali kama hizo alitetea kile alichokiita majaribio nusu, yaani miundo inayokaribia jaribio kamili bila kuwa na kura.

Muundo mmojawapo ni mfululizo wa vipimo vya muda mrefu, kabla na baada ya mabadiliko. Mwingine, aliouanzisha pamoja na Donald Thistlethwaite mwaka 1960, hutumia alama ya kukata. Wanafunzi waliopata ufadhili kwa kuzidi alama hiyo kidogo hulinganishwa na waliokosa kwa kupungukiwa kidogo, kwa kuwa watu wa pande hizo mbili za mpaka wanakaribia kufanana. Muundo huu ulisahaulika kwa miaka mingi, kisha wanauchumi wakaufufua, na sasa hutumika sana.

### Mwendo kasi huko Connecticut

Mfano wake unaojulikana zaidi ni utafiti alioufanya na Laurence Ross, uliochapishwa mwaka 1968. Mwaka 1955 watu 324 walikufa katika ajali za barabarani katika jimbo la Connecticut. Gavana Abraham Ribicoff alianza kuwafungia leseni madereva waendao kasi. Mwaka 1956 vifo vilikuwa 284. Gavana alitangaza kwamba hatua zake zimeokoa maisha ya watu 40, yaani upungufu wa zaidi ya asilimia 12.

Campbell na Ross walipanga takwimu za miaka mingi badala ya miwili. Ilionekana kwamba idadi ya vifo ilikuwa ikipanda na kushuka kila mara, na kwamba 1955 ulikuwa mwaka wenye vifo vingi isivyo kawaida. Hatua kali zilichukuliwa kwa sababu ya mwaka mbaya, na baada ya mwaka mbaya sana kwa kawaida hufuata mwaka wenye nafuu. Walilinganisha pia na majimbo ya jirani. Hitimisho lao lilikuwa la tahadhari: huenda hatua hizo zilisaidia kiasi, lakini dai la gavana halikuthibitika. Waligundua pia jambo ambalo halikutarajiwa: kesi za watu walioendesha magari huku leseni zao zimefungiwa ziliongezeka.

### Elimu ya awali kwa watoto maskini

Mwaka 1969 tathmini ya serikali ya Marekani ilionyesha kwamba mpango wa Head Start, uliotoa elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini, ulikuwa na faida ndogo. Mwaka 1970 Campbell na Albert Erlebacher walieleza kwamba namna watoto wa kulinganishwa walivyochaguliwa ingeweza kuufanya mpango mzuri uonekane hauna maana, au hata una madhara. Watoto wa mpango walitoka katika familia maskini zaidi. Walipolinganishwa na watoto wa familia zenye nafuu waliokuwa na alama zinazofanana nao, kila kundi lilirudi kuelekea wastani wake wa asili, na pengo lililojitokeza likahesabiwa kuwa ni udhaifu wa mpango.

## Utafiti wa uonaji barani Afrika

Katika Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, udhaifu wa usanifu wa utafiti uliwahi kuwa na madhara mazito. Daktari John Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, alichapisha mwaka 1953 kupitia Shirika la Afya Duniani kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Sehemu kubwa ya uzoefu wake ilitokana na wagonjwa waliofikishwa hospitalini, ambao hawakuwa mfano wa Wakenya wote, seuze wa bara zima. Hata hivyo alitoa kauli kuhusu Waafrika kwa jumla. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha andiko lake lililoeleza vita vya Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia.

Utafiti wa Campbell juu ya uonaji ulifuata njia nyingine. Ulizaliwa na ubishi kati yake na Herskovits. Herskovits aliamini kwamba utamaduni unaweza kubadilisha hata namna mtu anavyoona mistari. Campbell alikuwa na shaka. Alitarajia binadamu wote waone sawa. Badala ya kuendelea kubishana, waliandaa kipimo pamoja na Marshall Segall, ambaye alikusanya sehemu ya data nchini Uganda.

Walitumia michoro inayodanganya macho. Katika mchoro wa Müller-Lyer, mistari miwili iliyo sawa huonekana tofauti: ule ambao mikia yake imefunguka kwenda nje huonekana mrefu kuliko ule ambao mikia yake imekunjwa kuelekea ndani. Katika mchoro mwingine, mstari uliosimama huonekana mrefu kuliko uliolala.

Hofu kubwa ya watafiti ilikuwa kwamba tofauti za majibu zingeweza kutokana na kutoelewana tu: mtu akikosa kuelewa swali, jibu lake halionyeshi anachokiona. Kwa hiyo mistari ilichorwa kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, bila kugusana, ili mtu ajibu kwa kutaja rangi tu. Kabla ya kuanza, kila mtu alionyeshwa michoro yenye tofauti iliyo wazi kabisa ili kuthibitisha kwamba ameelewa kazi yenyewe.

Data zilitoka kwa watu zaidi ya 1,800 katika makundi ya Afrika, Ufilipino na wenye asili ya Ulaya. Matokeo yalikwenda kinyume na matarajio ya Campbell. Wakazi wa Evanston huko Marekani walidanganywa zaidi na mchoro wa Müller-Lyer, wakati Wasani wa kusini mwa Afrika hawakudanganywa nao karibu kabisa. Katika mchoro wa mstari uliosimama mambo yaligeuka: Wanyankole na Watoro walikuwa miongoni mwa waliodanganywa zaidi, kuliko hata Wamarekani, na Wabete wa misitu ya Côte d'Ivoire wakawa chini.

Mgeuko huo ulikuwa na uzito wa kimbinu. Kama kundi moja lingefanya makosa mengi katika michoro yote, mtu angeweza kusema kwamba halikuelewa au halikuwa makini. Lakini kundi lililodanganywa zaidi na mchoro mmoja na kidogo na mwingine haliwezi kuelezwa hivyo. Wala hakuna kundi lililoweza kuitwa lenye akili pungufu kwa msingi wa data hizo.

Watafiti walieleza tofauti kwa mazingira. Watu waliokulia katika nyumba zenye pembe mraba huzoea kutafsiri pembe kama umbali. Watu wa nyanda zilizo wazi huzoea kutafsiri mstari uliosimama kama njia inayokwenda mbali. Herskovits alifariki mwaka 1963, kabla ya kitabu chao kutoka mwaka 1966. Campbell aliyakubali matokeo yaliyompinga na kuyachapisha.

Maelezo ya mazingira yalipata ushindani. Gustav Jahoda alipima jamii za Ghana na hakupata matokeo yaliyotarajiwa na nadharia hiyo. Robert Pollack alidokeza kwamba rangi ya ndani ya jicho inaweza kuwa sababu. Mjadala huo haujafungwa kabisa.

## Utafiti wa makabila 30 ya Afrika Mashariki

Mwaka 1961 Campbell na mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyekuwa amefanya utafiti kwa Wagusii wa Kenya, walipendekeza mradi wa kimataifa kuhusu hali ya kila kundi kujiona kuwa bora kuliko mengine. Nadharia nyingi za wakati huo zilidai kwamba kulipenda kabila lako na kuyachukia makabila mengine ni pande mbili za jambo moja.

Katika mradi huo, hojaji ilifanyika mwaka 1965 katika nchi tatu zilizokuwa zimepata uhuru miaka michache tu kabla: Kenya, Uganda na Tanzania. Katika kila nchi yalichaguliwa makabila 10, na katika kila kabila wakahojiwa watu 50, jumla watu 1,500. Mahojiano yalifanywa na wahojaji wenyeji kwa lugha za wahojiwa. Watu waliulizwa, kwa mfano, kama wangekubali kufanya kazi na mtu wa kabila fulani, kula naye au kuwa na ukwe naye, na ni kabila gani waliloliona kuwa na sifa fulani nzuri au mbaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976 na Marilynn Brewer, aliyekuwa mwanafunzi wa Campbell, pamoja na Campbell mwenyewe.

Usanifu huu ulijibu kitisho ambacho tafiti nyingi za makabila zilikuwa nacho. Mtafiti anayechunguza kabila moja tu hawezi kujua kama anachokiona ni tabia ya kabila hilo, ni tabia ya watu wote, au ni tabia yake yeye mwenyewe anayetazama. Makabila 30 yakipimwa kwa maswali yaleyale, na kila moja likiwa mtazamaji na mtazamwa kwa zamu, mambo hayo yanaweza kutenganishwa.

Karibu kila kabila lilijiona kuwa zuri, hasa kwa uaminifu, utii na urafiki. Lakini makabila yaliyojisifu zaidi hayakuwa ndiyo yaliyojitenga zaidi na wengine; mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano. Ukaribu wa kijiografia na kufanana kwa lugha na mila viliongeza utayari wa kuchangamana. Makabila yaliyoonekana kuwa na maendeleo zaidi yaliheshimiwa, lakini hayakupendwa kwa kiasi hichohicho.

Kwa nchi changa zilizokuwa zikijenga umoja wa kitaifa, matokeo hayo yalikuwa na maana ya pekee: mtu kulipenda kabila lake si lazima awe adui wa jirani yake. Brewer aliendeleza hoja hiyo katika kazi zake za baadaye, na data za Afrika Mashariki bado hutajwa katika vitabu vya saikolojia ya jamii.

## Vipimo na tafsiri

Mwaka 1959 Campbell na Donald Fiske walionyesha kwamba kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha dhana. Kama huzuni na wasiwasi vyote vimepimwa kwa hojaji, kufanana kwa alama kunaweza kutokana na hojaji yenyewe. Inafaa kupima kila kimoja kwa njia zaidi ya moja, kwa mfano hojaji na maelezo ya ndugu wa karibu, kisha kuangalia kama njia tofauti zinakubaliana. Makala hiyo ni mojawapo ya zinazotajwa zaidi katika historia ya saikolojia.

Mwaka 1966, pamoja na Eugene Webb na wengine, alitoa kitabu kuhusu vipimo visivyomsumbua mtafitiwa. Mfano maarufu ndani yake ni sakafu ya jumba la makumbusho huko Chicago: vigae vilivyokuwa mbele ya vifaranga wanaoanguliwa vilichakaa upesi kuliko vya mahali pengine, na hivyo vikaonyesha watu walipenda kutazama nini bila mtu kuulizwa.

Mwaka 1970 yeye na Oswald Werner waliandika juu ya kutafsiri hojaji. Walipendekeza hojaji itafsiriwe, kisha mtu mwingine airudishe katika lugha ya awali, na matoleo mawili yalinganishwe. Zaidi ya hapo, walitaka matini ya awali nayo ibadilishwe pale inapogoma kutafsirika, ili lugha moja isiwe bwana wa nyingine. Jambo hili lina umuhimu kwa watafiti wanaotumia Kiswahili: neno kama moyo hubeba maana za mwili, hisia na ujasiri kwa pamoja, na swali lililotafsiriwa neno kwa neno linaweza kupima kitu kingine kabisa.

## Sheria ya Campbell

Katika miaka ya 1970 Campbell alieleza kanuni ambayo sasa hubeba jina lake. Kadiri kipimo kimoja cha takwimu kinavyotumika zaidi kufanya maamuzi ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kuchezewa, na ndivyo kinavyoharibu kazi kilichokusudiwa kuipima. Shule inayohukumiwa kwa ufaulu wa mtihani pekee huelekea kufundisha mtihani. Kituo cha polisi kinachohukumiwa kwa idadi ya makosa huelekea kutoyaandika makosa.

## Ukosoaji na mabadiliko ya mawazo

Lee Cronbach, mwanasaikolojia mwenzake, alimkosoa kwa kutanguliza uhalali wa ndani. Kwa Cronbach, anayeamua sera hahitaji sana kujua kilichotokea katika kundi lililochunguzwa, bali kitakachotokea mahali pengine.

Campbell mwenyewe alirekebisha baadhi ya misimamo yake. Awali yeye na Stanley walikuwa wameuona utafiti wa kisa kimoja kuwa hauna thamani ya kisayansi. Katikati ya miaka ya 1970 alikiri kwamba walikosea: mtu anayeijua jamii kwa undani ana dalili nyingi za kukagulia maelezo yake, na maarifa ya wenyeji ndiyo mara nyingi yanayofichua kasoro za takwimu. Katika kitabu cha 1979 alichoandika na Thomas Cook, uhalali uligawanywa katika aina nne: wa hitimisho la kitakwimu, wa ndani, wa dhana, na wa nje.

## Heshima, kifo na urithi

Campbell alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 1973, na alikuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani mwaka 1975. Aliandika pia kuhusu falsafa ya maarifa, akieleza kwamba ujuzi hukua kwa kujaribu mengi bila uhakika na kubakiza yanayostahimili ukaguzi.

Alifariki tarehe 6 Mei 1996 huko Bethlehem, Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 79. Aliacha mke wake wa pili, mwanaanthropolojia Barbara Frankel, na wana wawili kutoka ndoa yake ya kwanza na Lola Sherupski. Kitabu cha mwisho chenye jina lake, alichoshirikiana na William Shadish na Thomas Cook, kilitoka mwaka 2002.

Mwaka 2000 ulianzishwa mtandao wa kimataifa wa watafiti uitwao Campbell Collaboration. Hukusanya na kupima kwa utaratibu ushahidi kuhusu miradi ya elimu, ustawi wa jamii, uzuiaji wa uhalifu na maendeleo, ikiwemo inayofanyika Afrika Mashariki.